Ghorofa ya Chini ya Kadirio

Nchi ya Kadirio haimo kwenye ramani yoyote, na wenyewe wanajivunia jambo hilo. Inasemekana mchoraji ramani mmoja aliwahi kwenda kuwapimia mipaka wakamtimua, wakamwambia kwamba ukubwa wa nchi yao wanaujua kwa wastani na unawatosha. Namna Mwantumu binti Shekue alivyofika huko hatutaieleza. Mwenye hamu ya habari za njia, mizigo na kuumwa na mbu atafute msimulizi mwingine. Linalotosha kujulikana ni kwamba Mwantumu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu na takwimu, kwamba ulimi wake haukuwa na breki, na kwamba alikwenda Kadirio kwa sababu alisikia kuna nchi ambako watahiniwa wote hufaulu. Kwao alikuwa amefundisha maisha yake yote, na hakuwahi kuona darasa lililofaulu lote isipokuwa pale mtihani ulipovuja. Alitaka kuona muujiza huo kwa macho yake.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba watu wote wa Kadirio wanachechemea.

Mwenyeji wake, Bi Sauda, alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alimpokea uani akiwa amevaa viatu vya ngozi, visigino vya miguu yake vikining'inia nje. Binti yake Rahili, msichana mwembamba aliyekuwa amemaliza shule, alikuwa akiburuza viatu vya namna ileile, amevijaza matambara visimvuke. Mwantumu alidhani wamebadilishana kwa bahati mbaya, akasema hivyo.

"Hapana, mwalimu," Bi Sauda alimwelewesha kwa ule upole ambao watu huwawekea wageni na wagonjwa. "Hapa serikali ilipima miguu ya wananchi wote, ikajumlisha, ikagawa, ikapata mguu wa taifa. Kiatu ni hicho kimoja."

"Na kinakutosha?"

"Mimi kinanibana. Rahili kinampwaya. Kwa hiyo nyumba yetu, ukiichukua kwa ujumla wake, kinatutosha kabisa."

Mwantumu aliiuma midomo yake. Alikuwa amejiapiza kwamba safari hii atakuwa mgeni mstaarabu, na kiapo hicho kilikuwa bado kibichi.

Viatu vingebaki kuwa kichekesho kama mambo yangeishia miguuni. Lakini jioni ile alimwona mtoto wa mwisho wa Bi Sauda, Zawena, akichambua maharage kwenye ungo. Alimwamkua kwa jina, mtoto hakugeuka. Alimwita tena kwa sauti, hakugeuka. Ndipo Rahili akaenda akamgusa bega, na mtoto akainua uso akatabasamu.

"Hasikii, mwalimu," Rahili alisema. "Alisikia hadi alipofikisha miaka miwili. Halafu akapata homa ya masika, akanyweshwa kikombe."

Kikombe chenyewe kilikuwa hivi. Katika Kadirio kila masika huja homa, na dawa yake ni maji machungu ya mzizi fulani, dawa nzuri kwa kweli, ikitolewa kwa kiasi. Wizara ilipima uzito wa wananchi wote, ikajumlisha, ikagawa, ikapata raia wa taifa. Kisha ikapima dawa inayomtosha raia huyo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kukutana naye, ikatengeneza kikombe chake. Basi kila mgonjwa, awe mpagazi wa gunia au mtoto wa kubebwa, hupewa kikombe hicho kimoja. Mgawa dawa husimama hapo hapo mpaka kinywewe chote, kisha hukigeuza kichwa chini kuona kama limebaki tone. Watu wazima huwa hakiwatoshi, nao huumwa masika nzima. Watoto wachanga kikombe huwazidi, na wanaosalimika hubaki viziwi. Taarifa ya kila mwaka ya Wizara husema kwamba wananchi, kwa wastani, wamepata dawa sawasawa.

"Na hakuna anayelalamika?" Mwantumu aliuliza, kiapo chake kikianza kumchoka.

"Kikombe hakiguswi na mtu asiye wa Chuo," Rahili alijibu. "Ndiyo sheria. Mtu wa Chuo tu ndiye anayeruhusiwa kubadili kipimo." Akashusha sauti, kwa sababu mama yake alikuwa karibu. "Dada yangu Siwema amejifungua. Mtoto anaitwa Tunu, ni mdogo hivi, hajatimiza hata miezi sita. Na masika ndiyo hii inaingia. Nataka niingie Chuo nijue kumkatia kikombe chake kabla homa haijafika, mwalimu. Sitaki kitu kingine chochote."

Mwantumu alimtazama, akampenda papo hapo.

Sasa tuseme habari za Chuo. Kilikuwa jengo refu lililosimama katikati ya mji, la ghorofa nyingi, na halikuwa na ngazi hata moja ndani yake. Anayetaka kusoma hufanya Mtihani wa Kupangwa mbele ya Baraza la Wapangaji, na Baraza likishapima anajua nini, humvuta kwa kamba na kapi hadi ghorofa inayomfaa aanzie. Chini kabisa hufundishwa sehemu, uwiano na asilimia. Juu ya hapo ni aljebra, juu zaidi kuna mengine, na juu kabisa, karibu na paa, huko ndiko kunakofundishwa somo linaloitwa Utangulizi wa Takwimu. Mwantumu aliuliza kwa nini utangulizi umewekwa mwisho. Aliambiwa kwamba ndiko kwenye mandhari nzuri.

Mtihani huo ulibuniwa na watu wenye akili, na shabaha yake ilikuwa moja: mtu aanzie pale alipo. Lakini watu wa Kadirio waliona aibu kuanzia walipo. Kupangwa ghorofa ya chini kulikuwa ni msiba; majirani walikuja na vyungu vya uji kuipa pole familia, na posa za dada za aliyepangwa zilirudishwa. Basi zikaibuka Nyumba za Kunoa, ambazo kazi yake ilikuwa kumfanya mtu aonekane yupo asipokuwepo, na zilifanya kazi hiyo kwa ustadi wa kutisha. Watahiniwa wote walivutwa hadi juu kabisa. Huo ndio uliokuwa muujiza alioufuata Mwantumu.

Mnoaji mashuhuri kuliko wote aliitwa Mwalimu Kinoo, mtu wa tambo na ndevu zilizochanwa. Bi Sauda alikuwa amemkabidhi Rahili kwake tangu zamani, na alimpeleka mgeni wake aone. Ndani, vijana walikaa safu safu wakipiga kelele.

"Treni mbili..." alianza Kinoo.

"Arobaini!" darasa zima lilijibu.

"Mkulima ana..."

"Theluthi mbili!"

"Mfuko una mipira myekundu..."

"Sifuri nukta tatu!"

Kinoo alimgeukia mgeni, uso unang'aa kwa jasho na fahari. "Zamani walikuwa wanasubiri swali liishe, bibie. Tumewaponya tabia hiyo."

"Na treni zenyewe zilikuwa zinakwenda wapi?" Mwantumu aliuliza.

Kinoo alimwangalia kama mtu aliyeulizwa rangi ya harufu. "Zinakwenda arobaini," alisema.

Siku hiyo waliporudi nyumbani, Mwantumu alimketisha Rahili jikoni. Alichukua kikombe cha kawaida, akakijaza maji, akachukua na bakuli tupu. "Huyu hapa mtu mzima, anakunywa kikombe kizima. Huyu hapa mtoto, uzito wake ni robo ya mtu mzima. Nimiminie cha mtoto."

Rahili alikishika kikombe. Midomo yake ilicheza, na Mwantumu alijua anatafuta katika kichwa chake swali lililoanza kwa neno kikombe. Hakulipata. Alimimina kidogo, akaacha, akamimina tena, akarudisha. Mwishowe alikiweka chini na machozi yakamlengalenga.

"Najua kanuni ya kutafuta mkengeuko sanifu, ile ya ghorofa ya juu kabisa," alisema. "Naweza kukusomea yote bila kukosea neno. Lakini robo hii siioni, mwalimu. Siioni ilipo. Nikiwaambia wenzangu wananicheka, wanasema hayo ni mambo ya ghorofa ya chini."

Mwantumu angeweza kumfundisha jikoni hapo hapo, na alianza. Lakini alielewa kwamba haitoshi, kwa kuwa sheria ilimtaka Rahili awe mtu wa Chuo, na kwa kadiri Kinoo alivyomnoa, Chuo kingemvuta moja kwa moja hadi kwenye mandhari nzuri. Akaomba ruhusa aende aone kunafanyika nini huko juu.

Alipokelewa na Mpangaji Mkuu, Bwana Mbwilo, mzee mtanashati mwenye kalamu kwenye masikio yote mawili. Walivutwa pamoja hadi juu. Ukumbi ulikuwa mpana, madirisha yake makubwa hayana vioo wala nondo. Mhadhiri alikuwa akisoma kitu ambacho kwa sura yake yeye mwenyewe hakukielewa, naye hakuwa na lawama, kwani alipangwa hapo na mtihani uleule. Wanafunzi waliandika kila neno, hata alipokohoa. Walikuwa wachache kuliko viti.

"Wengine wako wapi?" Mwantumu aliuliza.

"Wengine gani?" alisema Bwana Mbwilo. "Wote ni hawa." Akapiga makofi mara moja. "Wanafunzi! Mnaelewa somo?"

Wanafunzi walitazamana. Kisha kijana mmoja karibu na dirisha akasema kwa sauti ya kukata tamaa, "Mimi jamani hapana," na wenzake wawili, kwa desturi iliyoonekana wameizoea, walimshika mikono na miguu wakampitisha dirishani. Ilisikika michakacho ya vichaka huko chini, na mtu akilia mguu wangu, mguu wangu.

"Asiyeelewa anyooshe mkono," Bwana Mbwilo aliendelea. Hakuna aliyenyoosha. Alitoa kalamu ya sikio la kulia, akaandika. "Wote wanaelewa. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi. Hakuna nchi inayotufikia."

"Bwana, na yule aliyetupwa?"

"Yule si mwanafunzi wetu."

"Alikuwa mwanafunzi wako sasa hivi!"

"Sasa hivi ilikuwa kabla ya kuhesabu." Bwana Mbwilo alikuwa na subira sana. "Mama, wewe unatoka nchi za watu, sikulaumu. Takwimu ni sayansi ya waliopo. Wasiokuwepo tungewaulizaje?"

"Wako hapo chini. Nawasikia."

"Ghorofa yetu ni hii," alisema Bwana Mbwilo, na alisema kwa nia njema kabisa.

Mwantumu alishuka pamoja na Bwana Mbwilo, hasira zimemjaa. Na ni wakati wa kushuka, kamba ikilia juu ya kapi, alipopita mbele ya dirisha la ghorofa ya chini akaona kitu ambacho hakuna aliyemwambia. Darasa lilikuwa limefagiwa. Madawati yalikuwa yamepangwa, ubao umefutwa vizuri, na mbele yake mwanamke mwenye miwani alikuwa akiyafundisha madawati matupu. "Haya, nusu ya nusu ni nini?" alikuwa akiyauliza. Alisubiri. "Hamjui? Vizuri. Tuanze upya."

"Nani huyo?"

"Mwalimu Bupe," Bwana Mbwilo alijibu kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu mlevi. "Sheria inataka kuwe na mwalimu wa chini. Hajapata mwanafunzi tangu mimi nikiwa kijana."

Alfajiri Rahili alimkuta Mwantumu kwenye kibaraza cha nyuma, akamwuliza ameona nini. Mwantumu hakumficha. Alimweleza madirisha, vichaka, na yule mwanamke wa chini.

"Nikisema arobaini watanipeleka juu," Rahili alisema polepole.

"Watakupeleka."

"Na huko juu nitatupwa, na nikitupwa mimi si mtu wa Chuo tena. Sheria ya kikombe inasema mtu wa Chuo. Inasema ghorofa?"

Mwantumu alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile. "Mwanangu, hilo swali lako moja linazidi majibu yote ya Kinoo. Lakini mama yako atakufa kwa aibu. Sitaki kukudanganya. Na mimi mgeni sina haki ya kukuchagulia."

"Mama ana watoto watatu na mjukuu mmoja," alisema Rahili. "Aibu haimfanyi mtu kiziwi, kikombe kinamfanya."

Siku ya mtihani uwanja ulijaa. Bi Sauda alikuwa amevaa kanga mpya na viatu vya taifa vilivyopakwa rangi, akiwaeleza majirani kwamba binti yake amenolewa hadi anawaka. Watahiniwa waliitwa mmoja mmoja mbele ya meza ya Baraza. Msomaji alikuwa hapati nafasi ya kumaliza hata neno la pili. Treni, arobaini, juu. Mkulima, theluthi mbili, juu. Kapi lilikuwa halipoi.

Rahili aliitwa. Akasimama mbele ya meza.

"Treni mbili..." alisema msomaji, akatua kama kawaida ili akatishwe. Hakukatishwa. Aliinua uso kwa mshangao. Kwa kuwa hakuwahi kufika mbali hivyo, ilibidi apekue karatasi kuona swali linaendeleaje, akalisoma lote kwa kigugumizi. Watu wengi uwanjani ndiyo kwanza walisikia kwamba zile treni zilikuwa zinaelekeana.

"Jibu?" alisema Bwana Mbwilo.

"Sijui," alisema Rahili.

Ungedhani ametukana. Bi Sauda alitoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Kinoo aliyekuwa safu ya mbele alifunika uso kwa kofia. Bwana Mbwilo alitoa kalamu zote mbili, akaziangalia, akazirudisha.

"Labda hakusikia," alisema. "Mkulima?"

"Sijui. Najua kanuni nyingi, waheshimiwa, lakini hesabu ya robo na nusu siijui. Naomba nianzie hapo."

Mjadala uliozuka ulistahili nchi kubwa kuliko ile. Mpangaji wa kwanza alishikilia kwamba sijui si jibu, na mtihani hauwezi kupima kisichokuwa jibu, kwa hiyo binti hajafanya mtihani, kwa hiyo hajasimama pale, na mlinzi aulizwe kwa nini ameruhusu mtu ambaye hayupo. Mpangaji wa pili alisema sijui ihesabiwe kuwa sifuri. Mwingine akauliza sifuri ya juu au ya chini. Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia alishauri kwamba, kwa kuwa wanaojua huvutwa juu na huyu hajui, wachukue wastani na wamning'inize katikati ya jengo. Hoja hiyo ilipigiwa makofi, na watu wawili walikwenda kweli kupima kamba.

Mwantumu hakuweza tena. "Waheshimiwa!" alipaza sauti. "Mtihani wenu umewekwa kumwuliza mtu yuko wapi. Leo, kwa mara ya kwanza, mtu amewajibu. Na nyinyi mnataka kumning'iniza!"

"Mgeni ana wastani wa hasira kupita kiasi," alisema Bwana Mbwilo, na katibu akaandika.

Kilichoukata mjadala ni Mwalimu Bupe. Alitoka mlango wa ghorofa ya chini mbio, chaki mkononi, kiatu kimoja kimemtoka, watu wakimpisha kwa sababu wengi hawakujua kama bado yu hai. Alipita mbele ya meza ya Baraza bila kuamkia mtu.

"Nani amesema sijui?" aliuliza huku anahema.

"Mimi," alisema Rahili.

"Nusu ya nusu ni nini?"

"Sijui, mwalimu."

Mwalimu Bupe alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, na akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Huyu ni wangu," aliwaambia Baraza. "Nipeni mwanafunzi wangu." Akamshika mkono akaondoka naye kwa miguu. Hawakuhitaji kamba.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri nyumbani. Vyungu vya uji vya pole vilipangwa hadi barazani. Bi Sauda alinywa ule uji kwa uchungu, akawaambia majirani kwamba binti yake yuko chini kwa muda tu, anasubiri kamba itengenezwe. Rahili aliporudi jioni mikono imejaa chaki, hakumwangalia. Mwantumu naye hakusemeshwa ila kwa kupitia mtu wa tatu. "Zawena, mwambie mgeni chakula kipo," Bi Sauda alikuwa akisema, akijua vizuri kwamba Zawena hasikii.

Na Rahili alijifunza. Mwalimu Bupe alikuwa mkali kama pilipili, na kiu ya miaka yote ya madawati matupu alimmalizia yeye. Walikata maboga, walimimina maji, waligawana njugu mpaka robo ikaonekana ilipo, na uwiano nao ukaonekana. Siku moja Rahili alirudi nyumbani anacheka peke yake, akamwambia Mwantumu, "Mwalimu, kumbe ile treni ingekuwa rahisi!"

Kama unadhani nchi ilijifunza pia, hujaijua Kadirio. Habari zilipoenea kwamba msichana aliyesema sijui amepata mwalimu wa peke yake, Mwalimu Kinoo alifungua darasa jipya. Alifundisha kusema sijui kwa namna nne, ikiwemo ya kutetemeka na ya kuangalia chini kwa unyenyekevu. Kundi lililofuata la watahiniwa halikungoja hata msomaji afungue mdomo. "Hatujui!" walisema wote, mkono kifuani, wakapangwa wote ghorofa ya chini, na wazazi wakapiga vigelegele. Mwalimu Bupe aliwauliza nusu ya nusu ni nini. "Hatujui!" Akawauliza majina yao. "Hatujui!" Siku ya pili aliwatoa wote dirishani, na kwa kuwa ilikuwa ghorofa ya chini walitua kwa miguu yao wakaenda zao.

Kisha homa ikaingia.

Ilimpata Tunu mchana, jua likiwa kali. Siwema alikuja kwa mama yake mbio, mtoto amemfunika, mwili wake mdogo moto kama jiko. Alikuwa hata halii tena, analegea tu. Mgawa dawa alifika nyuma yake, kama sheria ilivyotaka, na kikombe cha taifa kimejaa hadi ukingoni. Bi Sauda alipokiona kikombe alimtazama Zawena, akaanza kulia kimya kimya. Lakini alinyoosha mikono amshike mjukuu anyweshwe. Angefanya nini? Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu.

"Subiri," alisema Rahili. "Mimi ni mtu wa Chuo. Nabadili kipimo."

Mgawa dawa aliangua kicheko. "Wa ghorofa gani?"

"Ya chini. Sheria inataja ghorofa?"

Mgawa dawa alikuwa ameikariri sheria yote, na aliipitia kichwani kutoka mwanzo. Wakati bado anapitia, Rahili alikwishachukua mizani ya maharage akaitundika, akamlaza Tunu ndani ya kanga, akampima. Macho hayakumwondoka kwenye mshale.

"Kikombe ni cha raia wa taifa," alisema kwa sauti, kama anayeongea na mwalimu wake. "Raia wa taifa uzito wake, ulioandikwa hapa kikombeni, ni wa kina Tunu tisa. Basi humu mna vya kina Tunu tisa." Alipanga vibakuli vya chumvi, vya pilipili, vifuniko, chochote kilichokuwepo jikoni, akamimina dawa, akalinganisha, akarudisha tone hapa, akaongeza tone kule, mpaka vyote tisa vikawa sawa. Mwantumu alisimama pembeni hakugusa kitu. Alikuwa na fahari ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa darasa lolote lililofaulu.

Rahili alimnywesha Tunu kimoja. "Hivyo vingine mwaga," alimwambia mgawa dawa.

Hakuna aliyekula siku hiyo. Homa ilishuka pole pole, mtoto akatoka jasho, akalala. Asubuhi Bi Sauda alikuwa akikoroga uji, akili haiko hapo, mwiko ukamponyoka ukaangukia sinia la bati kwa kishindo. Nyuma yake, mkekani, Tunu alishtuka mwili mzima, akageuza kichwa upande ule wa kishindo, akaangua kilio.

Bi Sauda aliuokota mwiko, akalipiga tena sinia, makusudi. Tunu alilia zaidi. Akapiga tena, na tena, mwanamke mzima analipiga sinia jikoni kwake huku analia na kucheka, mpaka Siwema akaja mbio kumwokoa mtoto. Ndipo Bi Sauda akaketi chini akamvuta Rahili, akakiweka kichwa cha binti yake kifuani, chaki na yote.

Bwana Mbwilo alifika kabla ya adhuhuri, kalamu masikioni, kwa masikitiko ya kweli. Alieleza kwamba taarifa ya masika iko karibu kutoka, na kwamba inahusu watoto waliokunywa kikombe. Mtoto huyu hakunywa kikombe. Na tena anasikia, jambo ambalo linamweka mbali sana na wenzake na litaichafua hesabu nzima.

"Hatumlaumu mtu," alisema kwa sauti ya mkutanoni. "Ila itabidi tumwondoe. Tutamfuta, tuhesabu kama hayupo."

Mwantumu alivuta pumzi ili amjibu inavyostahili, lakini mwenyeji wake alimwahi. Bi Sauda alimchukua Tunu aliyekuwa amelala mgongoni mwa Siwema, akampakata vizuri, akamtazama Mpangaji Mkuu bila woga wowote.

"Mfute, bwana," alisema. "Mfute kabisa huko kwenu, usisahau hata ukucha. Huku kwetu yupo, na usipaze sauti hivyo, utamwamsha."